Machungwa Yasiyo na Kikonyo

Neno lililoninyima raha kwa siku mbili nzima lilikuwa "mabichi". Mbele yangu zilikuwepo kurasa sita za Kiingereza zenye masharti ya afya ya mimea kwa yeyote anayetaka kupeleka machungwa nje ya nchi, nami nilikuwa nimeombwa niyaandike kwa Kiswahili. Kichwa cha masharti kilitaja matunda ambayo hayajakaushwa, hayajapikwa wala kugandishwa. Kamusi zangu zote mbili zilikubaliana kwamba tunda la namna hiyo ni bichi. Lakini mimi nimekulia Oyugis, na sokoni Oyugis ukiagiza machungwa mabichi utaletewa ambayo hayajaiva, na muuzaji atakuuliza kwa upole kama una mimba. Tena machungwa ya kwetu huiva ganda likiwa bado la kijani, kwa hiyo kosa lenyewe lisingeonekana hadi mtu wa nchi ya mbali ang'ate na kukunja uso. Niliandika "mabichi", nikafuta. Niliandika "mapya", nikaona nimeyafanya machungwa kuwa mitumba iliyopanda cheo. Niliandika "yaliyochumwa karibuni", kisha nikakaa nusu saa nikijiuliza karibuni ni lini.

Mtu aliyetulia angelimaliza jambo hilo kabla chai haijapoa. Mimi sikuwa nimetulia. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimetetea tasnifu yangu ya uzamili, ambayo mada yake ilikuwa masharti haya haya. Mmoja wa watahini, mzee mpole aliyekuwa amenyamaza muda wote, alifunga nakala yake na kuniuliza kama nimewahi kuchuma chungwa. Nilimjibu kwa fasili ya uchumaji. Chumba kizima kilitazama meza. Tasnifu ikarudishwa na kurasa kumi na tisa za marekebisho, nami nikarudi nyumbani kwa mama, ambako nilianza kuhakiki hata orodha yake ya sokoni ili nizione kasoro kabla hazijaonwa na mtu mwingine.

Aliyeniomba tafsiri ni shangazi yangu, dada ya baba, ambaye kwa Dholuo tunamwita waya. Ameolewa karibu na Rongo, upande wa Migori, na sasa ni mjane. Mnunuzi wa machungwa yake, mfanyabiashara ambaye kwao ni pwani na ambaye ana duka mjini Rongo, aliponisikia namwita waya kwa mara ya kwanza aliuliza, kwa adabu zote, kama ni waya wa ua au wa umeme.

"Wa umeme," shangazi alimjibu mwenyewe. "Gusa uone."

Shangazi ana michungwa hamsini na mmoja aliyoipanda pamoja na marehemu mumewe. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitaka ing'olewe na mahali pake papandwe miwa, kama walivyofanya majirani wote hadi barabarani. Si mtu mbaya. Kila anapozungumzia miwa huvua kofia, kana kwamba anataja marehemu mwingine. Basi walikubaliana mbele ya jamaa: msimu huu machungwa yakipita ukaguzi wa afya ya mimea, na shamba likaandikwa katika orodha ya mnunuzi, michungwa ingebaki. Yakikataliwa, trekta lingekuja kabla ya mvua. Shemeji alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenye trekta. Shangazi naye alikuwa amekwisha kuzungumza na Mungu, na alisema aliyepatikana kwanza kwenye simu ni Mungu.

Kwa nini Kiswahili? Kwa sababu wachumaji wake, wanawake saba, baadhi yao ni Waluo na wengine ni Wakuria, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, ingawa kila mmoja hukivaa kama kanzu ya kuazima. Kiingereza cha yale masharti hakuna aliyekitaka. Shangazi alinipigia simu akasema, "Nyathina, wewe umesomea machungwa mpaka ukagonjeka. Hiyo karatasi utuandikie vizuri, mtu asikosee." Nyathina, kwa Dholuo, maana yake ni mwanangu. Kugonjeka lilikuwa jina lake la jumla kwa hali yangu baada ya utetezi.

Niliandika vizuri. Naweza kusema niliandika vizuri kupita kiasi. Mahali ambapo Kiingereza kilidai tunda liwe huru kutokana na wadudu waharibifu, nilikaribia kuandika hivyo hivyo, kisha nikaona nimelipa chungwa historia ya ukombozi. Nikaandika "lisiwe na mdudu, yai la mdudu wala kiwavi". Juu ya madoa meusi ya ganda niliandika aya mbili. Neno "mabichi" nililitatua hatimaye kwa sentensi ndefu yenye koma nne. Kisha nikafika kwenye sharti dogo, jepesi, lisilo na hila: matunda yawe bila majani na bila vile vijiti ambavyo tunda huning'inia navyo. Kiswahili kina neno lake safi kabisa. Nikaandika bila kusita: "Tunda lisiwe na jani wala kikonyo." Nikapiga nukta, nikanywa maji, nikajipongeza.

Jumamosi moja, wiki tano kabla ya kuchuma, nilikwenda shambani kuwasomea. Walikaa juu ya magunia chini ya michungwa, na aliyekaa mbele kabisa alikuwa mwanamke mnene mchangamfu kutoka Ntimaru, ambaye huvuka mpaka kila wiki kupeleka na kuleta bidhaa. Wenzake walimwita Mama Ntimaru. Kwa kuwa alikuwa akizungumza na Watanzania mara kwa mara, ilikubalika pale kwamba katika mambo ya Kiswahili yeye ndiye mahakama ya rufaa.

Sharti la kwanza lililozua ubishi ni la jani. Huku kwetu chungwa la kuuza huachiwa jani lake moja. Jani likiwa bado limesimama, mnunuzi anajua tunda limechumwa leo. Likilegea, anapunguza bei. Likiwa halipo kabisa, anauliza unaficha nini.

"Chungwa bila jani ni kama mgeni anaingia kwako hasemi baba yake ni nani," shangazi alisema.

Nikaeleza kwamba wadudu na vimelea husafiri juu ya majani, na kwamba jani moja likionekana ndani ya kreti, shehena yote yaweza kurudishwa.

"Yote? Kwa sababu ya jani moja?" akauliza mmoja.

"Yote."

"Hao watu wa huko wanaogopa," alisema Mama Ntimaru. "Si wangejaribu kuja Rongo siku ya soko."

Wakakubali. Wiki tano zilizofuata walifuata masharti kwa bidii iliyonitia aibu, kwa maana mimi nilikuwa nimeyaandikia tasnifu bila kuyatii hata moja. Walitundika mitego ya nzi wa matunda. Kila asubuhi waliokota machungwa yaliyoanguka, maana ndani ya tunda lililoanguka ndimo kiwavi hukamilisha elimu yake, wakayafunga katika mifuko myeusi, wakayaanika juani hadi yakaiva kwa joto, wakayafukia. Mbuzi wa shemeji, waliozoea kula yaliyoanguka, walisimama uani wakilalamika. Jirani mmoja alipita akaona shimo, mfuko mweusi na wanawake wamezunguka kimya, akavua viatu na kuuliza nani amefariki.

"Ni machungwa," shangazi alimwambia.

"Poleni," akasema yule jirani, akaenda zake, na baadaye tukasikia kwamba dini ya shangazi imebadilika.

Shangazi mwenyewe aliona ajabu moja tu katika mambo yote hayo. "Mimi nimefika umri huu," aliniambia, "nimezaa watoto sita, nimezika mume, hakuna mtu amewahi kunipatia cheti cha afya. Leo chungwa ndio inatafutiwa."

Siku ya kuchuma ilikuwa Alhamisi. Ukaguzi ulikuwa Ijumaa asubuhi, katika banda la kukusanyia matunda pembeni mwa mji wa Homa Bay. Mkaguzi angetoa karatasi yake pale, ambayo bila hiyo hakuna cheti. Alhamisi hiyo asubuhi mimi sikuwa shambani. Nilikuwa Rongo nikichapisha fomu za kuonyesha kila kreti imetoka mti gani, na nilikawia kwa sababu mashine ya mwenye duka la kuchapisha iliandika "kreti" kwa mstari uliopinda, nikamtaka airudie. Mtu mwingine angeuacha mstari upinde akawahi shambani. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, kwa mpangilio tofauti.

Nilifika saa saba mchana. Kreti thelathini zilikuwa zimepangwa kivulini, zimefunikwa kwa shuka safi. Wachumaji walikuwa wamekaa wakila mihogo, wametulia kama watu waliofanya mtihani wanaoujua. Shangazi alifunua shuka ya kwanza mwenyewe.

"Tafuta jani," alisema.

Sikuona jani.

"Sasa tafuta kikonyo."

Nikatazama. Mtu akichuma chungwa inavyotakiwa, kijiti hukatwa sawasawa na ganda, na juu ya tunda hubaki kitu kidogo cha kijani chenye umbo la nyota, kama kifungo cha shati. Machungwa yaliyokuwa mbele yangu hayakuwa na kijiti. Hayakuwa na kifungo pia. Mahali pa kifungo palikuwa na tundu dogo la mviringo, safi, lenye unyevu, katika kila chungwa, katika kila kreti. Nilifunua shuka ya pili, nikafunua ya tatu, nikaacha.

"Hakuna hata moja," shangazi alisema. "Tumetoa zote. Kwa ncha ya kisu, moja moja."

"Nani aliwaambia mtoe na kifungo?"

Wote walimtazama Mama Ntimaru. Akafuta mdomo kwa utulivu. "Tuliulizana kikonyo ni nini. Hapa hakuna mtu anajua. Mimi nikasema, ng'ambo ya mpaka nimesikia, kikonyo ni pale mti unaposhika tunda. Sio hivyo?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema si hivyo. Lakini nilijaribu kuipinga fasili ile kichwani nikashindwa. Kikonyo ndicho kinacholishikilia tunda mtini. Pale mti unaposhika tunda. Tofauti iliyopo ingetosha makala, isingetosha kujitetea.

"Ni hivyo," nikasema. "Karibu ni hivyo."

"Wewe uliandika kisiwe," akaendelea. "Tumefanya kisiwe."

Nikamgeukia shangazi, nikachagua neno lililo wazi kuliko yote niliyokuwa nayo. "Waya, machungwa yametobolewa."

Mama Ntimaru akainua mikono juu. "Mungu ni mwema. Tumetoboa."

Wenzake wakapiga vigelegele. Kwa Kiswahili cha mitaani, aliyetoboa ni aliyefaulu, na ilinibidi nisimame katikati ya vigelegele nikieleza kwamba mimi nilitumia neno hilo kwa maana yake ya kamusi. Nikaeleza kwamba tundu juu ya chungwa ndiyo ishara ambayo mkaguzi huitafuta kuliko zote, kwa sababu kuna nondo anayetaga juu ya ganda na kiwavi wake huingia ndani kwa tundu la namna hiyo. Nikaeleza kwamba hata kama mkaguzi angeamini kuwa ni kisu, tunda lenye jeraha huoza kabla halijafika bandarini. Vigelegele vilikwisha kimoja kimoja.

Shangazi alikaa juu ya kreti tupu. Aliitazama michungwa yake kwa mpangilio, kama mwalimu anayeita majina. Kisha akaniuliza, "Ile karatasi ya Kiingereza ilisemaje kuhusu hiyo kifungo?"

Ukurasa wa nne, mstari wa mwisho kabisa. Niliukumbuka. "Ilisema kiachwe."

"Wewe hukuandika."

"Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Niliona ni jambo dhahiri."

"Dhahiri ni nini?" akauliza mmoja wa wachumaji.

"Dhahiri," alisema Mama Ntimaru, "ni kitu profesa anaona peke yake."

Sitasahau kwamba shangazi ndiye aliyecheka wa kwanza. Hakucheka kwa furaha, lakini alicheka, na wengine wakapata ruhusa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimehangaika siku mbili na neno ambalo halikumdhuru mtu, na lile lililodhuru nililipita kama anayempita jirani njiani bila salamu. Nilianza kumwomba radhi kwa sentensi ndefu. Alinikatiza kunionyesha mtu anayekuja.

Alikuwa shemeji yake, kofia kichwani, amekuja kuona kazi imefika wapi. Alichukua chungwa moja, akaligeuza, akachungulia tunduni kwa jicho moja.

"Hii ni ugonjwa gani?"

"Ni Kiswahili," shangazi akamjibu.

Tukamweleza. Nilidhani angefurahi, na nilikuwa tayari kumchukia kwa hilo. Ingekuwa nafuu kuliko kujichukia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatazama juu. Katikati na chini miti ilikuwa mitupu, lakini vileleni machungwa yalikuwa bado yamejaa. Shangazi alikuwa ameagiza yaachwe kwa sababu hawakuwa na ngazi, na michungwa ikipandwa na watu matawi hupasuka.

"Ngazi yangu iko nyumbani," alisema shemeji.

Wachumaji walitazamana.

"Nasema iko nyumbani, haina kazi. Hizo za juu mnaweza kumaliza kabla jua kuzama."

"Shemeji," akasema shangazi polepole, "wewe ndiye unataka miwa."

"Nataka sana." Akavua kofia. "Lakini sitaki watu waseme niliwashinda kwa ngazi."

Ngazi ikaletwa. Ikakosekana mikasi. Visu havikufaa tena, kwa kuwa kisu huvuta na kuvuta hung'oa. Shangazi alituma watu kwa fundi wa nguo aliye karibu na barabara, akaazimwa mikasi miwili kwa sharti kwamba irudi ikiwa na makali. Alasiri yote tulifanya kazi. Mama Ntimaru alishika ngazi kwa chini na kunitangazia kasoro zangu, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa juu; nilikuwa mwepesi kuliko wote, na nilikuwa na deni. Kila chungwa nililikata mara mbili: kwanza mbali, kisha sawasawa na ganda, kifungo kikabaki. Nilipitisha kidole juu yake ili nihakikishe kijiti hakichomi jirani yake ndani ya kreti.

"Unalikata au unalibatiza?" aliniuliza Mama Ntimaru.

"Nahakikisha."

"Hakikisha haraka, mama. Jua halina uzamili."

Tulipata kreti kumi na moja. Yale yaliyotobolewa Mama Ntimaru aliyachukua kwenda kuwauzia watu wa sharubati Rongo, ambao kwao tundu ni kazi iliyopunguzwa.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Homa Bay, shangazi na mimi, pamoja na kreti zetu kumi na moja katika banda lililopangwa kupokea thelathini. Zilionekana kama jamaa wachache wa bibi harusi. Mnunuzi alikuja akazunguka, akahesabu kwa macho, akasalimia. Tulimweleza yote, na nilipofika kwenye neno lenyewe alifumba macho kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao.

"Kikonyo," alisema. "Miaka mingapi sijalisikia neno hilo huku bara. Binti yangu, Kiswahili chako kizuri sana. Tatizo ni kwamba umekileta peke yake, bila mtu wa kukifasiri."

Mkaguzi alikuwa msichana wa umri wangu, mwenye koti jeupe, kisu kidogo na kioo cha kukuzia. Shangazi alimwita daktari, naye hakukataa. Alisoma daftari la dawa zilizopuliziwa michungwa, akasoma fomu zangu za kreti na miti, na kwa dakika moja nikasahau shida zote kwa sababu aliuliza nani ameziandaa. Kisha akaanza kazi. Alitoa machungwa kutoka kila kreti, yale aliyoyachagua yeye. Alitazama ganda kutafuta madoa. Alikata mengine katikati, akakamua, akachunguza nyama ya tunda, akayaweka kando. Sisi tulisimama nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni. Shangazi alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, na kila kisu kilipoingia katika chungwa alivuta pumzi kidogo.

Kreti ya nane, mkaguzi alisimama. Aliinua chungwa moja hadi usawa wa macho, akaelekeza kioo kwenye kile kifungo cha kijani. Kwa ncha ya kisu akainua ukingo wake.

"Kuna kitu cheupe hapa chini," alisema.

Mimi nilijua ni nini. Chini ya kifungo cha chungwa ndipo vidung'ata hujificha, wale wadudu wadogo wenye unga mweupe kama pamba. Wako katika sura ya tatu ya tasnifu yangu. Nilikuwa nimewaeleza kwa kurasa saba. Wazo lililonijia, na ambalo nalikiri kwa aibu, ni kwamba yale machungwa ya kreti thelathini yaliyotobolewa ndiyo pekee ambamo vidung'ata wasingeweza kujificha, na kwamba Mama Ntimaru alikuwa amevumbua njia mpya ya udhibiti.

"Ni mgonjwa?" shangazi aliniuliza kwa Dholuo, kwa sauti ya hospitalini.

"Subiri, waya."

Mkaguzi alichukua kibanio kidogo, akavuta kile kitu cheupe. Kilitoka. Kikaendelea kutoka. Kikawa kirefu kuliko mdudu yeyote niliyewahi kumsoma. Alikiweka kwenye karatasi nyeusi, akainamia kioo, kisha akainua kichwa akatutazama sote kwa zamu.

"Ni uzi," alisema. "Uzi wa kushonea. Mnaweza kunieleza?"

"Ni mikasi ya fundi wa nguo," nikasema, na nikaanza kueleza tangu mwanzo, tangu neno "mabichi". Shangazi akaniwekea mkono begani.

"Daktari," alisema, "fundi alikuwa anashona sare za kwaya. Hiyo uzi imeokoka."

Mkaguzi aliuma midomo. Alikata machungwa mengine sita ya kreti ile, na sita tena, hadi meza ikalowa na banda zima likanukia machungwa. Hakupata kitu. Akaandika kwa muda mrefu. Akatuambia mikasi isafishwe msimu ujao, na iwe ya shamba, si ya kuazima. Kisha akapiga muhuri.

Shangazi aliichukua ile karatasi kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto, akamgeukia mnunuzi. Ilibaki orodha.

Mnunuzi alitoa daftari lake, akatoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akatoa penseli. "Mama, nisikilize. Yaliyofika yamepita, tena yamepita vizuri. Lakini gari langu halijajaa, na wino nimeuwekea wanaojaza gari. Nakuandika kwa penseli. Msimu ujao ukijaza, napitisha wino juu yake mwenyewe, mbele yako."

"Na nisipojaza?"

"Nina kifutio," alisema kwa masikitiko ya kweli.

Tuliporudi shambani, shemeji alikuwa amekaa langoni juu ya ngazi yake iliyolazwa chini. Alisoma karatasi ya ukaguzi mara mbili, pamoja na muhuri.

"Hii iko sawa," alisema. "Na orodha?"

"Tumeandikwa," shangazi akajibu.

"Mmeandikwa?"

"Kwa penseli," nikasema mimi. Sikukusudia. Neno lilikuwa sahihi na likatoka lenyewe. Shangazi alinitazama kwa namna ambayo sijaona kwa mtahini yeyote.

Shemeji alifikiri. Aliitazama michungwa, akatazama miwa ya jirani iliyokuwa ikitikisika ng'ambo ya ua. "Penseli hufutika," alisema.

"Hufutika ikifutwa," alisema shangazi. "Ikiachwa, inasomeka kama wino."

"Mapatano yalikuwa orodha. Hatukusema ya wino au ya penseli," shemeji akakiri.

"Hatukusema."

Shemeji aliinuka, akakaa, akainuka tena. Mwishowe alitoa simu, akatembea hatua chache, akatupa mgongo. Tulimsikia akimpata mwenye trekta, wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za ng'ombe. Kisha akasema, "Ile kazi ya huku, sogeza." Akasikiliza. "Hapana, sikusema usije. Nimesema sogeza." Akasikiliza tena. "Sogeza tu."

Alirudi, akavaa kofia, akainua upande mmoja wa ngazi. Kichwani mwangu swali lilikuwa limekwisha kujipanga, lina kiima na kiarifu: kusogeza hadi lini, kwa wiki, kwa msimu, au hadi wino uandikwe, maana kitenzi kile peke yake hakina mpaka. Nilifungua mdomo ili niulize.

Shangazi alinikanyaga mguu, akaukandamiza hapo hapo, huku akimwambia shemeji yake kwa sauti tamu kwamba chai iko tayari.